Nadhiri ya Mwaka Mmoja wa Kuwatumikia Majirani

Hotuba kwa wajumbe wa kamati za polisi jamii na vijana wa kujitolea wa sekta ya Nkanka, wilaya ya Rusizi



Nimeombwa niseme juu ya jambo moja, nalo ni namna mtu anavyoweza kujiwekea malengo yake mwenyewe kwa mwaka mzima wa kuitumikia jamii bila malipo. Nimelipokea ombi hilo kwa furaha, maana katika kazi yetu ya kuwaunganisha polisi na wananchi, jambo hili ndilo linaloamua ni nani atakayekuwa bado yuko nasi mwisho wa mwaka. Watu wenye moyo hawakosekani katika kijiji chochote. Kinachokosekana ni njia ya kuufanya moyo ule udumu. Mwezi wa kwanza orodha ya doria hujaa. Mvua za masika zinapoanza, orodha ni ile ile, majina ni yale yale, lakini wanaofika ni wachache. Hao wachache hubeba zamu za wenzao, huchoka, kisha nao hupungua. Kijiji hubaki na karatasi yenye majina na usiku usio na mlinzi.

Ndugu zangu, sisi tulio Rwanda hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta elimu ya malengo. Hapo kale shujaa alisimama mbele ya mkuu wake, watu wakisikia, akatamka tendo alilokusudia kulifanya. Aliporudi alisimama tena mahali pale pale, akaeleza alilolitimiza. Kutamka kuliitwa guhiga, na kutimiza kukaitwa guhigura. Tangu mwaka 2006 desturi hiyo imekuwa utaratibu wa uongozi wa nchi: mameya wa wilaya hutia saini imihigo yao mbele ya Rais wa Jamhuri, kisha hupimwa. Kiswahili nacho kinalijua jambo hili vizuri. Mtu huweka nadhiri, na akishaitimiza husemwa kuwa ameiondoa. Nadhiri isiyoondolewa humlemea aliyeiweka. Kwa hiyo neno langu la kwanza kwenu ni hili: usiweke nadhiri usiyoweza kuiondoa, na usikae mwaka mzima bila nadhiri yoyote.

Nadhiri njema huanza kwa kuuliza. Kabla ya kujiandikia lengo, nenda ukawaulize majirani zako wanahitaji nini. Muulize mzee anayelala mapema. Atakuambia ni njia ipi inayomtia hofu baada ya jua kuzama. Muulize mama anayekwenda sokoni kabla ya mapambazuko. Atakuambia ni daraja gani limeoza na ni kona ipi yenye vijana wanaomtolea maneno machafu. Waulize wavuvi wa sambaza wanaotoka jioni na kurudi alfajiri. Watakuambia ni mitumbwi mingapi inayoingia ziwani bila jaketi la uokozi hata moja. Muulize mtoto wa shule. Atakutajia wenzake waliokuwa darasani mwezi uliopita na ambao leo hawapo. Hao wanne watakupa kazi ya mwaka mzima, tena kazi ya kweli ya Nkanka, isiyonakiliwa kutoka mahali pengine.

Ukishasikia, chagua. Usichukue yote manne. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini vidole vyote vikimkimbilia chawa mmoja, wengine watastarehe kichwani. Anayesema, "Mwaka huu nitashughulikia usalama, afya, elimu na mazingira," hajasema neno bado. Anayesema, "Kila Jumamosi alfajiri nitakuwa mwaloni, na mtoto yeyote anayepanda mtumbwi nitahakikisha amevaa jaketi," amesema jambo ambalo jirani anaweza kulishuhudia kwa macho.

Hapa naomba tutofautishe mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi. Kuna matokeo tunayoyatamani, na kuna kazi iliyo mikononi mwetu. "Wizi wa mifugo upungue" ni matokeo. Yanategemea bei sokoni, njaa, giza, na watu usiowajua. "Nitatoka irondo kila Jumanne na kila Ijumaa ya zamu yangu, bila kukosa isipokuwa kwa ugonjwa au msiba" ni kazi. Hiyo inakutegemea wewe. Nadhiri iwekwe juu ya kazi, na matokeo tuyaangalie pamoja mwisho wa mwaka. Mtu aliyeapa juu ya matokeo ambayo hayako mikononi mwake ataishia katika mojawapo ya mambo mawili: kukata tamaa, au kusema uongo.

Sasa nifike penye uzito wa maneno yangu. Vijana hupenda kuhesabu, na kuhesabu si vibaya. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini tukihesabu kisichostahili kuhesabiwa, tutabomoa kile tunachokilinda. Naomba pasiwe na kijana hata mmoja hapa atakayejiandikia lengo la idadi ya watu atakaowashtaki au watakaokamatwa kwa taarifa yake. Nitaeleza sababu.

Tuwafikirie vijana wawili wa kijiji kimoja. Wa kwanza ameapa kwamba mwaka huu atatoa taarifa ishirini za magendo. Wa pili ameapa kwamba kila wiki atazitembelea nyumba tatu, aulize hali, asikilize, na asaidie kwa kadiri ya uwezo wake. Mwezi wa nne wa kwanza ana taarifa nane. Nyingi ni za wajane waliovuka na vitenge viwili, au za kijana aliyegombana naye kwa sababu ya mpaka wa shamba. Kuanzia hapo watu wanamwona akija na kubadilisha mazungumzo. Wa pili hana taarifa hata moja. Kisha siku moja, usiku, mama fulani anahofia kwamba binti yake wa miaka kumi na mitano ameahidiwa kazi ya ndani ng'ambo ya mpaka na mtu asiyejulikana, na kwamba mtumbwi unaondoka kabla ya kucha. Mama huyo atagonga mlango wa nani? Atagonga mlango wa yule aliyekuja mara kumi bila kumdai kitu. Taarifa inayookoa maisha hupita katika njia iliyosafishwa na ujirani mwema. Kijana wa kwanza alikuwa na taarifa nane, lakini ile moja iliyostahili kumfikia haikumfikia.

Fikra hii ina umri mkubwa. Polisi ya London ilipoundwa mwaka 1829 chini ya Robert Peel, kanuni zinazohusishwa na jina lake zilisema kwamba kipimo cha polisi ni kutokuwepo kwa uhalifu, si wingi wa harakati za kuukabili. Ikiwa askari anayelipwa mshahara hapaswi kujisifu kwa wingi wa pingu, sembuse mwananchi anayejitolea ambaye kesho atachota maji kwenye kisima kimoja na yule aliyemshtaki?

Sisemi kwamba tufumbie macho uhalifu. Dawa za kulevya zikipita, silaha ikionekana, mtoto akitendewa ukatili, au mke akipigwa, usingoje wiki na usitafute ushauri wa wengi. Piga simu 112, nambari ya dharura ya polisi. Kwa ukatili wa kijinsia nambari ni 3512, na kwa mambo ya watoto ni 116. Aliyedhulumiwa katika ukatili wa kijinsia apelekwe mapema kwenye kituo cha Isange, ambako hupata daktari, mshauri na mpelelezi mahali pamoja bila kuzungushwa. Kituo cha kwanza kilifunguliwa Kacyiru, Kigali, mwaka 2009, na huduma hiyo imeenea hadi hospitali za wilaya. Kutoa taarifa ni wajibu wa kila raia. Ninachokataza ni kuugeuza wajibu huo kuwa mashindano.

Nadhiri njema pia ina mipaka, na kila mmoja wenu aiandike mipaka hiyo chini ya lengo lake. Mwananchi wa kujitolea haingii katika nyumba ya mtu kuipekua. Hampigi mshukiwa, hata akimkuta na mbuzi wa wizi begani. Hashikilii kitambulisho wala kibali cha mtu cha kuvukia mpaka. Hatozi faini, hata ya franki mia. Hapigi picha ya mtu aliyekamatwa na kuisambaza kwenye simu. Akimkuta mtu katika tendo la wazi la uhalifu, wazuie pamoja na wenzake kwa kadiri ya usalama wao, na mara moja wamkabidhi kwa vyombo vinavyohusika. Irondo iliyompiga mtu usiku mmoja hupoteza uaminifu uliojengwa kwa miaka. Na ikiwa yule aliyepigwa alikuwa mgonjwa aliyepotea njia, au mgeni asiyejua lugha yetu, ni nani atakayeweza kulifuta jambo hilo?

Nigeukie sasa suala la saa, kwa sababu nadhiri nyingi hufia hapo. Umuganda wa kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi, ni saa tatu. Kwa miezi kumi na miwili ni saa 36. Hizo zinamhusu kila mwananchi mwenye umri wa miaka 18 hadi 65, kwa hiyo usizihesabu kuwa nadhiri yako. Nadhiri ni kile unachokiongeza juu yake. Ukiongeza saa mbili kwa wiki, mwaka utakapokwisha utakuwa umetoa saa 104. Ukiongeza saa tatu, utakuwa umetoa saa 156. Hizo si saa chache. Ukiapa saa kumi kwa wiki, wewe mkulima mwenye kahawa, maharage na watoto wanne, utakuwa umeapa zaidi ya saa 500, na nakuhakikishia kwamba hutazitoa.

Hesabu hiyo usiifanye peke yako. Kaa na mke wako, au na mume wako, au na wazazi wako ikiwa bado uko nyumbani kwao. Waeleze ni siku zipi hutakuwepo, na wakuambie ni siku zipi hawawezi kukukosa. Angalieni majira. Kuna majuma ya kupanda Septemba na tena Februari au Machi. Kuna majuma ya palizi na ya mavuno. Kuna usiku wa uvuvi. Ratiba yako na ikubali kupungua katika majuma hayo, kisha irudi. Mtu anayelinda kijiji huku shamba lake limemezwa na magugu hataendelea kukilinda. Na mwenzi wake hatakuwa na neno jema la kusema juu ya polisi jamii. Huduma isiyokubaliwa nyumbani haifiki mbali.

Tunao walimu wetu katika jambo hili, nao wako katika kila kijiji. Ni washauri wa afya. Utaratibu wao ulianza mwaka 1995, nchi ikiwa bado inafukia majeraha, na hata leo ndio wanaompima homa mtoto wa jirani kabla hajapelekwa kituo cha afya, na wanaofuatilia hali ya mama mjamzito. Kwa nini wamedumu? Naona sababu tatu. Walichaguliwa na majirani zao, kwa hiyo wana wa kumjibu. Wana kazi iliyoainishwa na daftari linaloonyesha walichofanya, kwa hiyo hawatangitangi. Na wamejiunga katika vyama vya ushirika, ili kujitolea kusiwafanye maskini. Nasi tujitahidi kuyapata hayo matatu: wa kumjibu, daftari, na riziki isiyotikisika.

Vijana wa kujitolea katika polisi jamii nao wana historia fupi yenye mafundisho. Walianza mwaka 2013 wakiwa kundi la wanafunzi wa vyuo, na leo wako katika kila pembe ya nchi. Wamejenga nyumba za wasiojiweza na kulima bustani za mboga kwa familia zenye watoto wenye utapiamlo. Mwaka 2020, ugonjwa wa Covid-19 ulipoingia, walisimama kwenye milango ya masoko na vituo vya mabasi wakiwaelekeza watu kunawa mikono na kuacha nafasi kati yao. Watu waliwasikiliza kwa sababu walikuwa wamekwisha kuwaona wakibeba matofali. Heshima waliyoitumia katika siku ngumu waliichuma katika siku za kawaida.

Nimetaja daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na saa zako ni mali. Nunua daftari dogo. Kila wiki andika tarehe, ulichofanya, muda uliotumia, na jambo moja ulilojifunza. Lakini usiandike jina la binti aliyebakwa, wala la mume anayepigwa na aibu yake, wala la jirani aliyekuletea siri. Daftari huanguka njiani, nalo husomwa na watoto. Habari za namna hiyo zipeleke kwa anayehusika kwa mdomo au kwa simu, na ziishie hapo.

Kila baada ya miezi mitatu, wanne au watano mkutane na kufungua madaftari yenu. Kila mmoja ajibu maswali matatu: nimetimiza nini, kipi kimenishinda, na kipi nibadilishe? Kubadilisha lengo si aibu. Ikiwa uliapa kuwafuatilia watoto kumi walioacha shule, ukaona kwamba kila mtoto anahitaji safari tano, kwa mzazi, kwa mwalimu, kwa kiongozi wa kijiji, kwa mwalimu tena na kwa mzazi tena, basi punguza hadi wanne na uwafikishe darasani. Wanne walioketi kwenye madawati ni bora kuliko kumi walioandikwa kwenye karatasi.

Sasa niseme neno juu ya mahali petu. Mbele yetu ni ziwa Kivu, na kisiwa cha Nkombo; ng'ambo ni ndugu zetu wa Kongo. Kati yetu na Bukavu watu hupita kila siku wakiwa na mboga, samaki, nguo, wagonjwa na maharusi. Mahali pa mpaka pana vishawishi vyake, lakini pana pia nafasi ya huduma ambayo mtu wa bara hawezi kuipata. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda, na ninyi mnakizungumza tangu utotoni. Mmoja wenu anaweza kuapa kwamba siku za soko atasimama mahali wageni wanapofikia, awaeleze kwa Kiswahili ni bidhaa gani inaruhusiwa, ni karatasi gani inatakiwa, na ni wapi pa kupeleka malalamiko iwapo mtu amewadai rushwa. Mwanamke mmoja akielezwa hivyo na kwenda kupita njia halali, hatalazimika kumlipa mvushaji wa usiku, wala kuuweka uhai wake katika mtumbwi uliojaa kupita kiasi. Kazi hiyo haitaonekana katika orodha ya waliokamatwa. Itaonekana nyumbani kwake, atakaporudi salama.

Na kwa wale walio karibu na maji: uhalifu si hatari pekee ya ziwa. Upepo wa ghafla huua watu ambao hawakumkosea mtu yeyote. Yeyote kati yenu akiapa kujua ni nani ametoka kuvua jioni na ni nani hajarudi asubuhi, na kupiga simu kwa askari wa majini, nambari 110, kabla jua halijapanda, atakuwa ameweka nadhiri inayostahili mwaka mzima.

Ndugu zangu, nawaomba kabla ya Jumamosi ya umuganda ijayo kila mmoja aandike sentensi moja. Iseme nitafanya nini, wapi, siku gani, kwa saa ngapi, na nani atakayeniuliza. Hilo la mwisho lisisahaulike: chagua mtu atakayekuuliza, tena awe mtu ambaye huwezi kumdanganya. Kisha, umuganda utakapokwisha na majembe yamewekwa chini, simama mbele ya majirani zako na uisome kwa sauti, kama walivyofanya waliotutangulia. Nanyi majirani, msimpigie mtu makofi mengi siku ya kuapa. Yawekeni. Mtampigia siku atakapokuja kuwaeleza alichotimiza.

Sisi wa polisi tuna nadhiri yetu kwenu pia: mkitupigia simu tutapokea, mkituletea habari tutalinda jina la aliyeileta, na mkituonya kwamba askari amekosea tutawasikiliza. Tuulizeni hayo kila miezi mitatu, kama mtakavyoulizana ninyi kwa ninyi.

Mungu aibariki kazi ya mikono yenu.